Video Isiyofutika

Kabla ya kusema lolote, Bi Sikudhani alitaka mwanamume atoke.

"Huyo askari wako," alisema, akimwonyesha Koplo Zaidi kwa kidevu. "Ni mtoto mzuri, namwona. Ila atoke."

Zaidi akamtazama mkubwa wake, Inspekta Elinipa Mshana. Inspekta akamwashiria mlango. Koplo akatoka na kuufunga taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.

Bi Sikudhani alikuwa amekataa kiti. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, bandeji ikiwa imezunguka paji la uso mahali jiwe lilipompiga. Hii ilikuwa siku yake ya tatu kwenye kituo hiki cha polisi, Kibaha, na hakuwa mshitakiwa. Alikuwa amefichwa.

"Mimi ni kungwi," alisema. "Msichana unayemwona kwenye hiyo video anaitwa Kudra. Sijamwiba. Ni mwali wangu. Mama yake amenikabidhi awekwe ndani, afundwe, kipindi hiki cha likizo, na alfajiri ile nilikuwa namtoa kwao nampeleka kwangu. Mwali haonwi njiani. Ndiyo maana nimemfunika kanga kutoka kichwani mpaka miguuni."

"Kwa hiyo wanawake wa kijijini wanajua."

"Kwa Mbonde pote wanajua. Nusu yao nimewafunda na kuwatoa mimi."

Elinipa akaweka kalamu chini. Alikuwa ameyasoma maoni yote ya video ile, ukurasa baada ya ukurasa. Video ilionyesha bibi akimshika mkono mtu aliyefunikwa gubigubi, wakiingia haraka kwenye nyumba ya udongo. Juu yake mpiga picha, kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita tu, aliandika: BIBI ANAIBA WATOTO KISARAWE, AKAMATWE. Chini yake watu wasiomjua walitaka achomwe moto.

"Bibi, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeandika ukweli pale. Kwa nini?"

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Same."

"Basi sikulaumu. Mambo ya ndani hayasemwi mbele ya wanaume. Sasa huko kwenye simu kuna wanaume, au hakuna?"

"Wapo, bibi."

"Wengi?"

"Wengi sana."

"Basi." Bi Sikudhani akajivuta ukutani. "Nirudishe nyumbani. Nimemwacha mtoto wa watu kule na dada yangu, na wamejifungia ndani. Kila siku wahuni wanakuja mlangoni. Siku watakapouvunja mlango, mtanirudisha niende kumzika nani?"

Elinipa akaichukua kalamu yake. Akainuka, akatoka.

Ndani ya gari Zaidi alikuwa ameshaiwasha injini. Alipoelezwa alichotakiwa kuelezwa, na si zaidi, alipiga usukani kwa kiganja.

"Dah! Kwa hiyo mtoto hajaibwa kabisa."

"Hajaibwa."

"Na aliyeipakia video tumeshamkamata, akalia kama mtoto, akaifuta mwenyewe mbele yetu. Lakini ipo."

"Ipo kwa sababu Gumzo waliichukua."

Gumzo ulikuwa mtandao uliopendwa kuliko yote mwaka ule. Ulikuwa na chaneli yake yenyewe, Motomoto, ambako uliziweka video ambazo watu hawakuweza kuziondolea macho. Video ikishaingia Motomoto, kwa mujibu wa masharti ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma, huwa mali ya kampuni. Barua ya mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imekwenda kwa wenye kampuni nje ya nchi. Walijibu kwa adabu kwamba wameipokea. Wakati huohuo video ilikuwa inafutwa na kurudi, inafutwa na kurudi. Na kila iliporudi, mgambo wa Kwa Mbonde walipiga simu: watu wamekusanyika tena.

"Kuna mtu anairudisha kwa makusudi," alisema Zaidi. "Ana chuki na huyu bibi. Tukimpata, kesi imekwisha, afande."

Elinipa naye aliamini hivyo. Gari likashika barabara ya Morogoro kuelekea Misugusugu, walikofanyia kazi wakaguzi wa video za Gumzo.

*

Jengo lilikuwa nyuma ya duka la mabati na ghala la mayai. Halikuwa na kibao. Kiongozi wa zamu, Didas, aliwapokea mlangoni akiwa amevaa sweta, na walipoingia walielewa sababu: kulikuwa na baridi ya viyoyozi mpaka mtu anaona pumzi yake.

Elinipa alipiga hatua mbili akasimama.

Vijana walikaa safu kwa safu, kila mmoja na kioo chake, vipokea sauti masikioni. Hakuna aliyezungumza. Kwenye kioo cha kwanza watu walicheza harusini. Kwenye cha pili fundi alifungua gia ya lori. Mhubiri, mbuzi juu ya pikipiki, mwanamke analia, watoto wanaimba darasani, wanaume wawili wanapigana stendi. Msichana mwenye hijabu ya waridi alibonyeza kitufe kimoja, na kitu ambacho mtu wa mbali alikuwa akikitazama wakati ule kikatoweka. Hakugeuza hata shingo. Akachukua kinachofuata.

"Afande," alinong'ona Zaidi. "Nchi nzima inapita hapa."

"Na Kenya, na Kongo," alisema Didas. "Popote penye Kiswahili."

Zaidi alivua kofia, kisha akaona aibu, akaivaa tena.

Walikaa kwenye chumba cha vioo. Didas alifungua rekodi za video ile. Ilikuwa imefutwa mara kadhaa, na kila mara neno lilelile lilijitokeza chini yake: Imerejeshwa. Mbele ya neno hilo palikuwa na namba ya mfanyakazi, na kila mara ilikuwa namba ya mtu mmoja.

"Mwite," alisema Elinipa.

Hashiru alikuwa kijana mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliwaamkia, akakaa, mikono juu ya magoti.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kisarawe, mama. Chole."

Zaidi alimtazama Elinipa. Elinipa hakumtazama Zaidi.

"Bi Sikudhani wa Kwa Mbonde unamjua?"

"Namjua."

"Hii video umeifuta?"

"Kila nilipokutana nayo."

"Na umeirudisha."

"Hapana."

"Namba ni ya nani?"

"Namba ni yangu, mama. Mkono si wangu."

"Anaongea vizuri huyu," alisema Zaidi.

Elinipa alisogeza kioo. "Mkaguzi akifuta video anatakiwa kueleza sababu. Wenzako wanaandika mistari mitatu, minne. Wewe umeandika 'si kweli' tu. Si kweli kwa nini?"

Hashiru alitazama mikono yake.

"Ulijuaje kwamba si kweli?"

"Nilijua."

"Kaka, usituchoshe," alisema Zaidi. "Unaficha nini?"

"Sifichi kitu."

"Basi sema."

"Siwezi kusema." Hashiru aliinamisha kichwa. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mbele yako siwezi, na mbele ya mama ndiyo kabisa. Kama ni kunifunga, nifungeni."

Zaidi akagusa pingu kiunoni. Elinipa akainua kidole: ngoja.

"Umelelewa na nani, Hashiru?"

"Bibi yangu, mzaa mama."

"Kuna siku alikuwa anakutoa nyumbani? Wanawake wakija?"

Kijana akainua macho. Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Nilikuwa napelekwa kwa mjomba. Nilipouliza kuna nini, nilizabwa kofi."

"Rudi kwenye kazi yako. Lakini usiende mbali."

Alipotoka, Zaidi alitanua mikono. "Afande! Mtu wa Kisarawe, namba ni yake, hataki kusema, na tunamwachia?"

"Hataki kusema kitu kilekile ambacho bibi alikutoa wewe nje ili akiseme. Mtu anayeogopa kuitamka siri ya mwali mbele ya mwanamke mgeni, atamtangaza mwali kwa nchi nzima?" Akamgeukia Didas. "Hapa anayefuta ni mtu. Anayerudisha ni nani?"

Didas alijikuna shingo. "Kuna kitu kinaitwa Jicho la Pili."

"Ni nani huyo?"

"Si mtu, mama. Zamani Gumzo ilikuwa ya vijana wenzetu. Ofisi yao ilikuwa hapo juu, tunakula nao ugali. Ukifuta, kimefutwa. Baadaye wakauza. Wenye mali wa sasa siwajui hata kwa sura. Wao ndio walioleta Jicho la Pili, wakasema ni la kuhakiki, ili mtu asionewe. Tukifuta, lenyewe linatazama tena. Likiona tumekosea, linarudisha, kwa namba ya aliyefuta."

"Linatazama nini?"

"Hatujaambiwa."

"Hamjauliza?"

Didas akavuta mikono ya sweta yake mpaka vidoleni.

Elinipa alisimama. "Tafuta video nyingine ya uongo wa aina hii. Inayotazamwa sana vilevile."

Ilipatikana haraka: mwuza maji wa mji mwingine, naye akiitwa mwizi wa watoto. Hashiru aliitwa. Akafuta zote mbili mbele yao. Wakasubiri, wote wanne wameinama juu ya kioo kimoja. Ya mwuza maji ilikaa ilivyokaa, imefutwa. Ya Bi Sikudhani ilipepesa, kisha likaja lile neno. Imerejeshwa. Namba ya Hashiru.

"Mkono mnauona uko wapi?" alisema Hashiru polepole, akiwaonyesha viganja vyake.

Zaidi alirudi nyuma hatua moja. "Wallahi imerudi yenyewe."

"Zote ni uongo," alisema Elinipa. "Zote zinamtaja mwizi wa watoto. Zote zinatazamwa. Moja ina nini ambacho nyingine haina? Ifungue tena. Usitazame bibi, tazama pembeni."

Chini ya miguu ya Bi Sikudhani, kwa herufi za njano, kilisomeka kitu ambacho wote walikuwa wamekizoea hata wakaacha kukiona: VIWANJA KISARAWE, VIMEPIMWA, HATI MKONONI. PIGA KHALFANI, MTAA WA PICHA YA NDEGE.

Video ya mwuza maji haikuwa na tangazo lolote.

*

"Sasa sababu tunayo," alisema Zaidi njiani. "Dalali wa viwanja. Bibi hakosi shamba. Bibi akikimbia, shamba linapimwa. Huyu simwachii, afande, hata alie."

Ofisi ya Khalfani ilikuwa kontena lililopakwa rangi ya kijani, ramani za viwanja zimebandikwa pande zote. Mwenyewe alikuwa mtu mnene wa makamo, na simu yake ilikuwa inaita juu ya meza bila yeye kuigusa.

"Karibuni. Kama ni kiwanja, karibuni. Kama ni matusi, nimeshatukanwa vya kutosha leo."

"Nani anakutukana?" aliuliza Elinipa.

"Kila mtu! Sikiliza." Akabonyeza simu, ikatoka sauti ya mwanamke: "We Khalfani, huna haya? Unatuuzia viwanja kwenye kijiji cha wezi wa watoto?" Akakata. "Wateja wawili wamesema hawaji tena. Mimi nimewakosea nini?"

Zaidi akaiweka video mezani. Khalfani aliitazama mpaka mwisho, midomo wazi.

"Hili ni tangazo langu!"

"Hujui lilikuwa hapa?"

"Afande, mimi naweka tangazo, naandika 'Kisarawe', nalala. Wanasema litawafikia watu wa Kisarawe. Hawakusema litapita wapi." Akasogeza uso karibu na simu. "Huyu si Bi Sikudhani? Huyu ni somo wa mke wangu, kungwi wake! Mke wangu amelia siku tatu, nikimwuliza analilia nini, hasemi."

Zaidi aliacha kumtazama kama mshitakiwa. Ilionekana wazi: alikuwa amemwachia.

"Lizime," alisema Elinipa.

Khalfani alizima tangazo lake hapohapo. Elinipa akampigia Hashiru, akaweka simu katikati ya meza ili wote wasikie. Hashiru akafuta. Wakasubiri.

"Imerudi, mama," ilisema sauti ya Hashiru. "Sasa ina tangazo la magodoro."

Khalfani akaiangalia. "Hilo la Kisarawe pia. Duka la Maua, karibu na stendi."

Elinipa alisimama katikati ya kontena. Alikuwa ametoka asubuhi kumtafuta mtu mmoja mwenye chuki. Sasa aliona jinsi kitu hiki kilivyo kikubwa, na jinsi kisivyo na uso. Hakikumchukia Bi Sikudhani. Hakikumjua. Kilijua tu kwamba watu wa Kisarawe wamemkodolea macho, na kwamba kuna mtu, yeyote, anayelipia macho ya watu wa Kisarawe. Ukimwondoa mmoja kinamkamata mwingine, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba ameshikwa.

"Didas yupo hapo?" aliuliza.

"Nipo, mama."

"Kampuni kubwa za simu, benki, bia. Matangazo yao yanafika Kisarawe. Kwa nini sijayaona chini ya hii video?"

Didas alishusha sauti. "Wakubwa wamelipia yasiwekwe karibu na mambo ya uhalifu na damu. Huko wanabaki wadogo."

"Kwa hiyo wadogo wakiondoka?"

"Sijui. Haijawahi kutokea."

Elinipa akamgeukia Khalfani. "Wafanyabiashara wa Kisarawe mna grupu?"

"Tunalo. Mimi ndiye katibu. Ila watu wenyewe, mama, hata kikao cha taka hawaji."

"Waombe wazime matangazo yao ya Gumzo. Mchana huu tu."

Khalfani aliishika simu kwa mikono miwili. Alirekodi sauti, akaifuta, akarekodi tena. "Jamani, ni Khalfani. Hapa nipo na polisi, na sijakamatwa. Matangazo yetu ndiyo yanayombakiza Bi Sikudhani kwenye ile video. Naomba tuyazime. Sababu siwezi kueleza. Waliooa Kisarawe wakawaulize wake zao, ila wasitegemee jibu."

Akatuma. Hakuna kilichotokea. Zaidi alianza kusoma ramani ukutani.

Kisha simu ikalia.

"Maua hapa, nimezima. Na nyie wanaume mnangoja nini?"

"Fundi milango nimezima, ila Khalfani, kuhusu ile fensi hujanipigia simu mpaka leo."

"Huyu bibi ndiye aliyemtoa mama yangu. Nimesema hivyo tu, msiniulize. Nimezima."

"Mimi sizimi. Nina mzigo wa mchele."

"We mwenye mchele, mkeo nitamwona jioni."

"Basi jamani, nimezima! Dah."

Ziliendelea kuingia: mwenye keki za harusi, mwenye pampu za maji, kinyozi, mama wa mapazia, mwalimu wa tuisheni. Watu ambao Elinipa asingewahi kuwaona sura, kila mmoja na biashara yake ndogo, kila mmoja akiinua mkono wake kutoka kwenye kitu ambacho hakujua alikuwa amekishika. Khalfani alikuwa ameacha kusikiliza sauti. Alikuwa akitazama tu jinsi zinavyopanda, moja juu ya nyingine, akijifuta jasho.

"Hawa ndio wasiokuja kikaoni?" aliuliza Zaidi.

"Ndio hawahawa," alisema Khalfani kwa sauti ndogo. "Ndio hawahawa, kaka."

"Hashiru," alisema Elinipa. "Futa."

Walisikia kitufe kikibonyezwa kule Misugusugu. Walisikia mlio wa viyoyozi.

"Haijarudi," alisema Hashiru.

"Ngoja."

"Nangoja." Sauti za viti ndani ya simu, wengine walikuwa wamesogea. "Haijarudi, mama. Jicho la Pili limeitazama, limeiacha."

Kutoka ndani ya chumba kile ambamo hakuna aliyezungumza, zilisikika sauti za vijana wengi, zikiulizana na kujibizana, kama wamegundua leo kwamba wote wana midomo.

*

Elinipa hakusubiri. Hashiru alikuwa ameahidi kukaa na kitufe chake mpaka watu waisahau ile video, lakini matangazo yangerudi, hilo halikuwa na ubishi. Kesi dhidi ya wenye Jicho la Pili ingekuwa ndefu, na ingeanza kesho kwa maelezo ya Didas, ambaye alikuwa amesema, bila kulazimishwa, kwamba atayatoa. Leo palikuwa na bibi wa kurudishwa nyumbani.

Walimchukua kituoni, wakapita njia ya Kiluvya, wakaingia Kisarawe, wakafika Kwa Mbonde jua likiwa bado juu ya mikorosho. Mbele ya duka walikaa vijana kumi hivi, simu mikononi. Walipoliona gari la polisi walisimama. Walipomwona anayeshuka, walishusha simu zao.

Bi Sikudhani alishuka polepole, akafunga kanga vizuri. Akasimama mbele yao. Alikuwa na umri wa bibi zao. Hakuna aliyemwamkia.

Zaidi akasogea. Elinipa akamshika mkono. Hapa hapakuwa na kitufe, wala chumba chenye baridi. Kilichokuwa vichwani mwa vijana hawa hakikufutika Misugusugu.

"Hamidu," alisema bibi.

Kijana mwenye fulana nyekundu alitazama chini.

"Nakuita wewe. Jiwe si lilikuwa lako? Usitetemeke, sijaja na polisi kukukamata. Wamenileta tu, miguu inauma." Alisema bila kupaza sauti. "Nenda nyumbani kwenu. Mwulize mama yako mimi ni nani kwake. Mwulize kwa adabu. Na asipokujibu, ujue amekujibu."

Hamidu alibaki amesimama. Akatazama wenzake, nao wakamtazama. Kisha akaiweka simu mfukoni, akashuka barazani, akaenda, kwanza akitembea, baadaye akikaza mwendo. Mwingine akainuka, akafuata njia ya kwao. Halafu wa tatu. Hakuna aliyeaga.

Bi Sikudhani hakungoja kuwaona wakirudi. Alikwenda mpaka mlango wa nyumba yake, akagonga, akasema jina lake. Komeo likavutwa ndani, mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja, akaingia, ukafungwa.

Elinipa na Zaidi walibaki nje. Kila upande wa kijiji, kwenye nyua na nyuma ya majiko, walianza kuwaona: kijana amesimama mbele ya mama yake, mama ameacha ungo, ameacha mchi, hasemi neno. Na kijana, mmoja baada ya mwingine, anainamisha kichwa.